Golikipa Haolewi Jumamosi

Siku tano sikumsemesha Pitia. Siku tano nzima! Nikipanda basi natazama dirishani, nikishuka natazama viatu, na yeye akiwaamkia wenzangu "hamjambo mabibi", mimi nimeinama najidai nafunga kamba. Na mjue basi la timu lina dereva mmoja tu, naye ni huyo huyo. Kwa hiyo mara nne kwa siku nilikuwa napita karibu na bega lake, bega lile ambalo usiku ule basi lilipotuharibikia tukirudi kutoka Kampala nililala juu yake... haya, tuyaache hayo.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mechi, akanibana kwenye tangi la maji nyuma ya hosteli. Nilikuwa nafua glovu zangu. Golikipa hamwachii mtu glovu zake, hata mama yake mzazi.

"Nyaruot."

Nikazidi kusugua.

"Nyaruot Chuol, mlinda lango wa taifa. Ninaongea na wewe au na tangi?"

"Ongea na tangi. Lina muda."

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekonda, jamani. Siku tano tu na mashavu yameingia ndani. Moyo ukaniambia mtazame, nikauambia moyo ukome.

"Nimekosa nini?" akauliza. "Jumapili nimekuja kwenu na mjomba wangu. Nimepiga shati pasi mpaka nikaunguza kola. Nimeleta sukari, nimeleta majani ya chai. Nimekaa pale nilipoambiwa nikae. Nimesalimia watu wote, nimesalimia mpaka kuku. Tangu siku hiyo umeninunia. Hebu niambie, nimekosa nini?"

"Ulikula."

"Nini?"

"Ulikula, Pitia! Nimetumwa maji kisimani, narudi na ndoo kichwani nakukuta na bakuli la walwal, ule mtama wetu wa kupikwa, na maziwa, bakuli zima, mbele ya mama yangu. Na bado ulikuwa unakomba!"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu.

"Kilikuwa kitamu," akasema.

Haki ya Mungu, nilimtupia glovu moja yenye povu. Ikampata kifuani.

"Kwetu Wanuer mwanamume hali mbele ya msichana anayemtaka!" nikafoka. "Na mbele ya mama yake ndiyo kabisa, heri afe njaa. Anayekula mbele yetu ni kaka yetu. Umekaa mbele ya ukoo mzima umejifanya kaka yangu, halafu mjomba wako anafungua mdomo anasema mmekuja kuposa. Tangu lini kaka akamposa dada?"

Pitia akaokota glovu, akaikamua taratibu, akawaza.

"Sasa mimi Mbari, si Mnuer, nitajuaje hayo? Kwetu ukiacha chakula cha watu umewatukana. Mama yangu angesikia nimeacha bakuli angenichapa, na ndevu zangu hizi zote."

"Ungeniuliza."

"Ungeniambia!"

Hapo alinipata. Maana ni kweli, sikumwambia. Nikasugua glovu iliyobaki ambayo ilikuwa imetakata zamani.

"Nilidhani unajua," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo. "Miaka miwili tuko na wewe, hujala mezani na sisi hata siku moja. Sisi tukipakuliwa, wewe unachukua sahani yako unakwenda kula ndani ya basi, umefunga mlango. Nilikuwa nakuona. Nikawa najiambia, huyu kijana anajua heshima ya kwetu. Kuna mtu hapa mezani anamtaka, ndiyo maana hali mbele yetu. Halafu nikaanza kuomba huyo mtu niwe mimi."

Pitia akakuna kisogo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta namna nzuri ya kutoa habari mbaya.

"Nyaruot," akasema, "nilikuwa nalinda betri."

"Betri?"

"Betri ya basi. Mwaka ule wa kwanza iliibwa tukiwa mezani. Bosi akasema ikiibwa tena natafuta kazi nyingine."

Nilimtazama, naye akanitazama. Miaka miwili nimempenda mtu kwa sababu ya betri! Kicheko kikanipanda nisitake, naye akaanza, tukacheka mpaka nikakaa chini kwenye tope la tangi na jezi yangu ya mazoezi. Alipokuja kuniinua hakuniachia mkono. Na mimi sikuuvuta.

"Lakini nakutaka," akasema. Sasa hakucheka. "Betri ilikuwa betri. Wewe nilianza kukutaka siku ile ulipopigwa teke la uso ukatema damu ukasema tuendelee. Nikasema huyu, au nisioe."

"Usiniambie maneno hayo leo."

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu Gatdiet anakuja kunioa." Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. "Mtu wa Bentiu. Baba mdogo amempa neno. Ana ng'ombe, ana wake wawili, na ni mtu mzuri, Pitia, hilo ndilo linaloniudhi. Ningepata mtu mbaya ningemkataa vizuri."

Mkono wake ukakaza.

"Basi twende," akasema kwa haraka. "Kesho mechi ikiisha, nawashusha wenzako hapa, wewe usishuke. Dada yangu yuko ng'ambo ya mpaka wa Nimule. Alfajiri tuko kwake. Wazee wakikasirika, wakasirike tukiwa mbali."

Nisiseme uongo, nilikwenda. Kwa nukta chache, kichwani, nilishafika Nimule, nimeshavua viatu, yeye ananiletea chai. Halafu nikarudi.

"Sitoroshwi," nikasema.

"Nyaruot..."

"Sitoroshwi, nimesema! Utoto wangu mzima nimekimbia. Kutoka Bentiu tulikimbia, njiani tulikimbia, mpaka kambini Kakuma. Sasa mimi ndiye niliyebaki golini watu wote wakikimbia huku na huko. Ukinitaka utapita mlangoni kwetu mchana, jua likiwaka. Kama hutaki, kalinde betri."

Amou alitokea mbio kwenye kona ya hosteli, winga wetu, mwenye mdomo kuliko redio.

"Golikipa! Wazee wako wako getini. Baba mdogo wako na mama. Na mama yako kabeba mfuko, na ndani nimeona shanga. Dada, unaolewa?"

Baba mdogo Wiyual alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa hosteli na fimbo yake, mrefu, mistari sita ya chale kwenye kipaji cha uso imekunjamana juani. Wenzangu walikuwa wameshashika mipira na chupa za maji tayari kwa mazoezi ya mwisho. Wakatawanyika wakajidai wana shughuli, lakini masikio yote yalikuwa upande wetu. Mama alisimama nyuma yake kidogo, shuka lake limefungwa begani, mfuko miguuni. Hakunitazama.

"Baba," nikasalimu. Tangu marehemu baba aondoke, yeye ndiye baba.

"Chukua vitu vyako twende. Gatdiet ameingia Juba jana na wazee wake. Kesho asubuhi tunakaa."

"Kesho nina mechi."

"Kesho una mume."

"Eee!" wakaguna wenzangu wote kwa pamoja. Basi kule kujidai wana shughuli kukaishia hapo.

Kocha Kiden alikuja na filimbi yake shingoni. Mama mfupi mnene, lakini akisimama mbele yako huoni njia.

"Karibu kiti, mzee."

"Sitaki kiti. Nataka mtoto wangu."

"Mtoto wako ndiye golikipa niliyebaki naye. Mwenzake ana malaria, hawezi hata kukaa kitandani. Timu ya wageni imefika tangu jana, iko hotelini inatungoja. Nikimtoa huyu, kesho langoni nitaweka nini? Ndoo?"

"Hayo ni ya kwako, mama. Mimi nina ya kwangu."

Halafu akanigeukia, na sauti yake ikabadilika. Heri angepiga kelele. Hakupiga.

"Nyaruot, wewe ulikuwa Kakuma, hukuona. Maji yalipokuja hayakuondoka. Ng'ombe wa baba yako walikufa wamesimama majini, mmoja baada ya mmoja, mimi nikiwatazama. Kaka yako Duop ana miaka thelathini na hajaoa, na hataoa, kwa sababu hatuna cha kutoa. Ukoo wa Chuol unaishia kwa Duop. Zizi lililobaki ni wewe."

Nilimwonea huruma, sitaficha. Nilimwona mzee aliyesimama kwenye maji. Na Duop nampenda, ndiye aliyenifundisha kudaka, kwa mpira wa matambara, pale mchangani Kakuma.

"Baba, pole," nikasema. "Kwa ng'ombe, na kwa yote. Lakini mimi si zizi."

"Na kama ni kwa ajili ya yule," akanyoosha fimbo kuelekea kwenye basi, ambako Pitia alikuwa amesimama mlangoni, "yule alishayamaliza mwenyewe. Amekula kwetu mbele ya mama yako. Ni kaka yako sasa. Mpe mkono."

Akatabasamu. Tabasamu dogo tu, la pembeni, lakini mimi kazi yangu ni kutazama nyuso. Mpigaji penalti kabla hajagusa mpira, uso unakwambia anapeleka wapi. Nikalisoma lile tabasamu, na damu ikanipanda kichwani.

"Baba, mposaji hulishwa wapi?"

"Swali gani hilo?"

"Mposaji akija kwetu hulishwa wapi? Si hupelekwa kwa jirani, akala huko na wanaume? Nani aliagiza bakuli liletwe pale pale? Na nani alinituma kisimani wakati nina maji ndoo mbili ndani?"

Hata Amou alinyamaza, na hilo si jambo dogo.

"Mama," nikasema. "Nani alikwambia uwapakulie pale?"

Mama alitazama mfuko. Alitazama vidole vyake vya miguu. Mama yangu hajawahi kumjibu shemeji yake mbele za watu tangu nimjue, na nimemjua miaka ishirini na miwili.

"Aliniambia ni mafundi wa bati," akasema.

"Shemeji!" baba mdogo akafoka.

"Uliniambia wamekuja kupima paa, niwape chakula hapo hapo wasichelewe. Nikapakua. Nimekwenda kuchukua mabakuli ndipo nasikia posa." Alikuwa bado anaongea na vidole vyake. "Siku tano silali. Kijana wa watu nimemharibia kwa mkono wangu mwenyewe."

Pitia alikuwa ameshafika katikati yetu. Alikuja mbio mbio, mikono mbele, na sura ile ya kuomba msamaha inayoniua.

"Mzee, kosa ni langu, nilitakiwa kujua. Niambie fidia yake, nitatafuta..."

"Pitia!" nikamkata. "Hakuna fidia ya kutegwa. Rudi kwenye basi lako uwashe injini. Tunachelewa mazoezi."

Alinitazama. Niliona jinsi alivyotaka kubaki, anikinge, awe mwanamume mbele ya mzee. Na niliona alivyolimeza lile. Akageuka, akaenda, na sekunde chache baadaye basi likanguruma. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye akiwa amenipa mgongo.

Baba mdogo alipiga fimbo chini.

"Sikiliza vizuri. Ukipanda basi lile, huna kwenu. Nitawaambia wazee kwamba Chuol hakuacha binti. Ukiumwa usije, ukizaa usije, ukifa wakuzike hao hao wenzio wa mpira. Huna kwenu!"

Niliogopa. Msidhani sikuogopa kwa sababu nilijibu. Nilitamani mtu aniambie la kufanya, kocha, mama, yeyote. Hakuna aliyesema. Basi nikasema mwenyewe.

"Baba, mtu aliyekulia kambini humtishi kwa kukosa kwao. Miaka kumi na minne nilikuwa nina kadi ya ukimbizi badala ya kwetu. Nchi hii yenyewe nimeizidi umri! Ilipozaliwa mimi nilikuwa najua kusoma. Nilipoambiwa ina timu ya wasichana na haina golikipa, nilipanda lori siku tatu kuja kuidakia. Hakuna aliyenituma. Kwa hiyo sitaki kusikia habari ya kwetu ni wapi."

"Unabishana na mimi kwa ajili ya mpira?"

"Nabishana na wewe kwa ajili yangu. Duop nitamsaidia, kwa jasho langu, na wewe nitakusaidia, wewe ni baba. Lakini Gatdiet mwambie hivi, umwambie kwa heshima: golikipa haolewi Jumamosi. Wala Jumapili, wala Jumatatu. Akitaka kuniona, aje uwanjani saa kumi akae na watu. Atakachoona ndicho nilicho."

Nikaokota mfuko wangu wa mazoezi. Wenzangu wakanipisha njia, halafu wakanifuata, na kati yao mmoja akaanza kuimba, sikujua nani. Kufika mlangoni walikuwa wanaimba wote na kupiga ubavu wa basi kwa viganja.

Nilikaa kwenye kiti changu, cha pili kutoka mbele. Kichwani nilikuwa nahesabu nilichokipoteza: nyumba yetu ya Gudele, kitanda changu, Krismasi, jina la baba. Kwenye kile kioo kikubwa cha ndani, juu ya usukani, macho ya Pitia yalikuwa yananitazama. Hayakuniuliza kitu. Nikayatazama na mimi, bila haya sasa, siku tano zote nikazilipa kwa mara moja.

"Funga mlango, twende," Kocha Kiden akasema.

Mlango haukufungika. Kulikuwa na mkono umeushika.

Mama alikuwa amevua ndala, amezishika pamoja na mfuko wa shanga, anapanda ngazi za basi moja moja, goti lake bovu likimsumbua. Nyuma yake baba mdogo anaita.

"Shemeji! Shemeji, unakwenda wapi?"

Mama akasimama kwenye ngazi ya juu. Hakugeuka.

"Wewe si umesema mtoto hana kwao? Mimi nilikuja ukoo huu nikamzaa yeye na Duop. Kama yeye hana kwao, mimi nimebaki kwa nani?"

"Rudi hapa!"

"Chakula cha jioni kipo jikoni. Kiko kwenye sufuria dogo. Jipakulie."

Amou aliruka kwenye kiti kama kimemchoma, akampisha. Mama akaketi karibu yangu, akaweka mfuko mapajani, akapanga ndala juu yake. Hakunishika, hakunikumbatia, si mambo yake. Nilisikia harufu ya moshi kwenye shuka lake, ile ile ya siku zote, na machozi yakanitoka kimya kimya mpaka kidevuni.

"Futa," akasema. "Utadakaje na macho yamevimba?"

Nikafuta.

Basi halikuondoka. Pitia alikuwa ameganda kwenye usukani, anatazama kwenye kioo, anatutazama wawili tuliokaa pamoja, mdomo wazi. Mama akamwona. Papo hapo akavuta shuka, akajifunika uso wote, akanigonga kwa kiwiko.

"Mwambie huyo dereva ageuze kioo chake."

"Kwa nini, mama?"

"Mtoto huyu, maswali tu," mama akasema ndani ya shuka, kwa sauti ambayo basi zima liliisikia. "Tangu lini mkwe akamtazama mama mkwe usoni?"

Mkono wa Pitia ulipanda juu, ukashika kioo, ukakigeuza mpaka kikatazama dari. Ndipo akatia gia.